Nilivyonyoosha Magurudumu ya Wambui

Hii stori inanionyesha mjinga, lakini wacha niwaambie tu. Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Kimbo. Juzi niliitwa Thika nishughulikie magurudumu kwa mashindano ya tenisi ya ndani ya ukumbi, ya wale wanalipwa kucheza. Kulikuwa na mechi za wheelchair pia, za wale wanacheza wakiwa kwenye kiti cha magurudumu. Niliambiwa nikifanya poa siku ya kwanza, kazi ni yangu wiki nzima.

Wambui, mmoja wa wachezaji wa wheelchair, akaniachia wheelchair yake ya kuchezea nijaze upepo. Kuangalia, magurudumu yote mawili yamelala, juu yameingia ndani, chini yametoka nje. "Ngai, huyu amegongwa na lori!" Nikalegeza boliti, nikanyoosha mpaka yakasimama wima kama ya baiskeli. Nikajisifu peke yangu.

Wambui akarudi akiwa amekalia wheelchair yake ingine, ya kila siku, imebaki nusu saa mechi yake ianze.

"Nani amenyoosha hii?"

"Ni mimi, auntie. Hiyo nimekufanyia bure."

"Yamelazwa makusudi, wewe! Ndio nikikata kona nisianguke!"

Wachezaji wakacheka mpaka machozi. Nikapiga magoti, nikarudisha vile ilikuwa, jasho tiririri. Akahamia hiyo ya kuchezea, akazunguka mara mbili kwa kasi, akaniangalia.

"Kesho kuja saa moja. Nitaambia wenzangu uko na mkono mzuri, lakini wasikuache peke yako na wheelchair zao."