Pweza wa Daraja la Pili

Siku ile naikumbuka hata kwa harufu yake, mwanangu: harufu ya mwamba uliopasuliwa, maji yamekupwa, jua la saa nne linaanza kuuma. Nilisimama juu ya mwamba wa Kiswere na viatu vya ngozi nilivyotoka navyo Dar es Salaam, na viganjani nimeshika kitu chepesi ambacho mpaka leo mikono yangu haijakisahau. Nitakwambia ni nini. Lakini kwanza ujue nilikuwa nani, vinginevyo hutaelewa kwa nini nilishtuka vile.

Sikuzaliwa na kitu. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Nilipoondoka Kiswere nilikuwa na mfuko mmoja wa rambo, na haukujaa. Mjini mchana niliosha matenga sokoni, jioni nikasoma, mpaka nikapata stashahada ya biashara. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza, na nalisema hilo bila haya, kwa sababu hakuna mjomba aliyenilipia wala mkubwa aliyenishika mkono. Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Basi na mimi nilirejea, tena sikurejea mnyonge. Nilirudi na pikipiki nyekundu, mizani ya kuning'iniza, madeli sita, yale makasha ya kuhifadhia barafu, na makubaliano na kiwanda kimoja kwamba kila bamvua kitanitumia gari kuchukua pweza.

Bamvua unaijua, zile siku za maji makubwa ambapo bahari hurudi mbali na mwamba ukabaki wazi. Kwetu pweza wa mwambani ni kazi ya wanawake tangu enzi za bibi zetu. Huenda kwa miguu, kibwebwe kiunoni na fimbo ya mkoko mkononi, wakachokoa pango moja moja. Mimi nilipoziona zile fimbo nikaona ushamba. Nikawaletea nondo, zile za kujengea, nimezikata na kuzinoa ncha. Kwa nondo unavunja paa la pango, unageuza jiwe, na pweza hana pa kukimbilia. Uzito ukapanda. Kiwandani wakanipigia simu kunipongeza, nami nikahakikisha kijiji kizima kinajua nimepigiwa simu.

Kisha nikaweka madaraja. Chuoni tulifundishwa kwamba bidhaa isiyo na madaraja haina bei. Pweza mzito, aliyebana, nikamwita daraja la kwanza. Yule mwepesi, aliyelegea, rangi imepauka kama kanga iliyofuliwa mwaka mzima, nikamwita daraja la pili. Wachuuzi wengine walikuwa wakimkataa. Mimi nikamtafutia soko, nikamnunua kwa nusu bei, na nikamtengea deli lake, nikaliandika kwa chaki. Nilijivunia deli lile kuliko pikipiki. Kuuliza si ujinga, lakini sikumuuliza mtu hata mmoja kwa nini pweza yule alikuwa mwepesi.

Shangazi yangu Bi Somoe, dada mkubwa wa marehemu baba, ndiye aliyekuwa mkongwe wa wanawake wa mwambani. Siku moja alisimama mbele ya madeli yangu kwa muda mrefu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Mshamu. Naona hili deli lako la pili linajaa siku hizi."

"Linajaa, shangazi. Wengine wanatupa, mimi nauza."

"Haya," akasema, akaenda zake.

Lile neno "haya" la mtu mzima, mwanangu, ni kitabu kizima. Lakini mimi nilikuwa na vitabu vyangu.

Haukupita mwaka, uzito ukaanza kushuka. Bamvua hii madeli manne, inayofuata matatu. Kiwanda kikanipigia tena, safari hii bila pongezi: bamvua mbili nyingine za namna hiyo, na gari litahamishiwa kijiji kingine. Nikaona kila nilichokijenga kinaondoka na gari lile. Na gari likiondoka, si mimi peke yangu, ni wanawake wote waliokuwa wakisomesha watoto kwa pweza. Nikakaa, nikapiga hesabu za kichuoni, nikapata jibu: wananiibia. Lazima wanauza kwa mchuuzi mwingine kwa siri. Ndiyo maana asubuhi ile nikateremka mwambani mwenyewe, na viatu vyangu.

"Meneja leo kashuka," akasema Hadija, mwanamke wa rika langu, mwenye ulimi kuliko wote. "Jamani, angalieni viatu. Kaja kuoa au kaja kuvua?"

Wakacheka wote. Nikasema nimekuja kumtafuta anayeuza pweza wangu kwa mtu mwingine. Kicheko kikakatika. Hadija akanigeuzia mgongo, akaenda kuendelea na kazi yake.

Shangazi hakukasirika. Alinishika mkono kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo. "Njoo, mwanangu," akasema. "Njoo nikuoneshe mwizi wako."

Tukatembea. Mwamba ule niliujua kabla sijajua kusoma. Utotoni ukikanyaga tu, kila kitundu kilikuwa na macho: kaa huku, tondo kule, samaki wadogo wakikimbia kwenye vidimbwi. Sasa mawe yalikuwa yamelala chali, matumbo meupe juu, yamekauka. Mapango yamefumuliwa kama nyumba iliyopigwa na kimbunga. Tulitembea mpaka jasho likanitoka, na sikuona jicho hata moja.

Tulimfikia Hadija akiwa amechuchumaa mbele ya pango. Mlangoni pake palikuwa na vijiwe na maganda ya chaza yamepangwa, yameziba vizuri, kama kazi ya mtu. Nondo yake ilikuwa imeshaingia. Paa likapasuka, akatia mkono, akamtoa pweza. Pweza hakupambana. Hakutoa wino. Hakushika jiwe. Shangazi akampokea, akamlaza viganjani mwangu.

"Mpime."

"Mizani iko juu, shangazi."

"Mpime kwa mkono. Daraja la ngapi huyu?"

Alikuwa mwepesi kama kitambaa kilichokamuliwa. "La pili," nikasema, na nilisema kwa uhakika, maana hiyo ndiyo ilikuwa taaluma yangu.

Shangazi akainama, akaokota kile kipande cha paa la pango, akakigeuza. Chini yake zilining'inia nyuzi nyingi nyembamba, na kila uzi umetungwa mayai meupe, madogo kuliko ulezi, mengi yasiyohesabika. Kwenye jua yakaanza kufifia mbele ya macho yangu.

"Huyu ni mzazi," akasema. "Yuko ndani ya arobaini yake. Amejifungia mlango kwa mawe, hali, hatoki, kazi yake ni kuwapulizia maji wanawe mpaka watoke. Wakitoka, yeye anakufa. Ndiyo maana mwepesi. Sisi tukiukuta mlango umezibwa tulikuwa tunapita. Bibi yako alikuwa anasema hongera mzazi, anapita. Mzazi hatolewi chumbani, Mshamu."

Mwanangu, nimeshawahi kufiwa, nimeshawahi kunusurika ajalini. Sijawahi kushtuka vile. Nililiona lile deli, na maandishi yangu ya chaki, na mkono wangu mwenyewe ukimimina barafu juu ya wazazi, bamvua baada ya bamvua, huku nikijisifu kwamba nimegeuza hasara kuwa faida. Yule mwizi niliyekuja kumkamata alikuwa amevaa viatu vyangu.

Nilichoweza kusema kilikuwa cha kitoto. "Mbona hamkuniambia?"

Hadija ndiye aliyejibu, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Ulituuliza, Meneja? Ulituletea nondo, ukatuletea bei. Huyu tulikuwa tunampita kwa sababu hana mnunuzi. Wewe ukamnunua. Na mimi nina watoto watatu, ulitaka nipite?"

Shangazi akamaliza: "Stashahada yako ilikufundisha kumpima pweza. Kazi ya kujua anakotoka ulituachia sisi, halafu hukuja kuichukua."

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Tukapanda juu.

Nikajifungia siku mbili. Kisha nikawaita wanawake wote, nikafuta yale maandishi ya chaki mbele yao, na nikasema pweza wa namna ile sinunui tena kwa bei yoyote, wala aliye chini ya nusu kilo. Tamaa mbele, mauti nyuma, nikawaambia, na tamaa ilikuwa yangu. Nikaomba sehemu ya mwamba upande wa kusini ipumzishwe miezi mitatu, mtu asiikanyage.

"Wewe una akiba," akasema Hadija. "Sisi miezi mitatu tule mapango?"

Alisema kweli. Anayemwambia mwenye njaa asubiri, naye awe na cha kumpa. Basi nikauza pikipiki nyekundu. Iliniuma, sikufichi, maana niliipata kwa matenga. Ikalipia barafu ya miezi ile, na wanawake wakawa wananiletea changu na tasi waliowanunua kwa wavuvi wa mitego, nikawapeleka Lindi mjini kwa basi, kwa faida nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Kiwanda nikakipigia mimi, nikawaeleza ukweli wote, pamoja na aibu yangu. Wakanicheka. Kisha wakasema watasubiri miezi hiyo mitatu, si zaidi ya hapo. Na kila mwanamke aliyerudisha nondo nilimpa fimbo mpya ya mkoko, niliyoichonga mwenyewe. Wengine walichelewa kurudisha. Wawili hawakurudisha kabisa, wakaenda kuuza kwingine, na sikuwalaumu.

Siku ya kufungua upande wa kusini sikulala vizuri. Nilishuka nao, safari hii kwa yeboyebo za plastiki. Shangazi alikuja kwa mkongojo, akaketi juu ya jiwe. Hadija akaenda mbele, akachokoa pango la kwanza, na mkono aliotoa ulikuwa umezungushiwa pweza mpaka begani. Ilibidi mwenzake amsaidie kumbandua. Nilipomtundika kwenye mizani, sindano ilikwenda ambako sikuwahi kuiona ikienda. Nikashtuka mara ya pili juu ya mwamba uleule.

"Meneja," akasema Hadija, "huyu daraja la ngapi?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshafika pango linalofuata. Mlango wake ulikuwa umezibwa kwa vijiwe. Akasimama. Akanitazama mimi, akamtazama shangazi.

"Hongera, mzazi," akasema, akapita.

Shangazi aliinamisha uso, na sikuuona.

Mwanangu, nimeishi na pweza miaka mingi tangu hapo. Gari bado linakuja. Najisifu kwa hilo, na nadhani nina haki. Zile nondo nilizimiminia saruji kwenye kizingiti cha ghala langu. Ukija kunitembelea utazikanyaga kabla hujanisalimia, nami nimeziweka pale makusudi.

Ninachokuomba ni hiki. Unaporudi nyumbani na cheti chako, kabla hujaweka bei juu ya kitu, tafuta aliyekuwa akikipita bila kukigusa, umuulize kwa nini anapita. Bei yako ina nguvu kuliko mila ya bibi zako. Ukiiweka bila kuangalia inavunja milango. Kama ni mbao za Likawage, ujue mti huzaa lini na nani anapanda mwingine. Kama ni ufuta wa Rutamba, uangalie shamba linapumzika wapi. Ukiona biashara imepanda ghafla, usisherehekee kabla hujajua kilichopanda ni mavuno au ni mbegu. Na ukitaka watu wasubiri, wewe uwe wa kwanza kuumia, kwa kitu unachokipenda. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwako ndio hao walio mwambani.

Nenda, mwanangu. Mola akupe mizani iliyo nzito na mkono unaotambua kilicho chepesi. Akupe shangazi wa kukushika mkono siku utakayokosea, na kila mlango utakaoupita bila kuuvunja, akufungulie mwingine ulio bora kuliko huo. Amina.