Aliyenijibu Kutoka Sekenke

Lori lililokuwa likipeleka saruji Nzega lilinishusha pale barabara inapoanza kuteremka Mlima Sekenke. Dereva aliniuliza mara mbili kama kweli niko peke yangu. Nikamwambia nakwenda kwa rafiki yangu. Akanionyesha njia ya ng'ombe inayokata kulia juu ya vilima, akasema nifuate hiyo hiyo, nisishuke bondeni. Kwa miguu ya mtu wa mjini ni mwendo wa saa nne. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Mandewa, mjini Singida, umri miaka thelathini na miwili, na nilikuwa sijawahi kutembea mlimani peke yangu.

Kilichonipandisha huko ni hasira. Huyo rafiki tulilala kitanda kimoja cha ghorofa chuo cha ualimu, yeye juu, mimi chini. Alikuwa Mnyiramba wa milima ileile, mtoto pekee wa mama mjane. Mimi baba yangu alikuwa muuza duka mjini Singida, duka ambalo miaka ya uhaba lilibaki na chumvi na viberiti. Tulipangiwa shule mbalimbali, tukawa tunaandikiana. Biashara zilipofunguliwa, baba akajaza tena rafu zake sabuni za rangi na vitenge, na rafiki yangu akaniandikia kwamba ameacha chaki. Mshahara, alisema, unakwisha siku hiyohiyo ya kusaini. Akarudi kwao, akawa anawapikia chapati na maharage wachimbaji wadogo waliokuwa wameyavamia mashimo ya zamani ya dhahabu.

Halafu binti yangu akafa. Alikuwa na miaka miwili, homa ya siku nne. Rafiki yangu hakuja. Kutoka Sekenke hadi Singida ni nusu siku ukipata lori, na yeye hakuja, alituma barua tu. Nikamwomba aje hata baada ya arobaini, akajibu mama anaumwa. Nikasema basi nakuja mimi, akajibu nisije, masika yameharibu njia. Mwaka mzima ulipita hivyo. Shule zilipofungwa nilimuaga mume wangu, nikaondoka bila kumwandikia mwenyeji.

Saa ya kwanza nilitembea nikipanga maneno ya kumwambia. Niliyasema kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisikia, na kila nilipoyarudia yalizidi ukali. Njia ilipanda kwenye mawe, ikazunguka, ikapanda tena. Nikachoka. Nilikaa juu ya jiwe pembeni mwa genge. Chini kabisa mbuga ya Wembere ilikuwa imelala, kavu, haina mwisho. Hapo ndipo nilipolia. Mjini nilikuwa sijapata kulia mpaka nimalize. Kila nilipoanza kulikuwa na shangazi au jirani wa kunishika bega na kusema inatosha, mwachie Mungu. Kwenye lile jiwe hakuna aliyeniambia inatosha, na nilishangaa sauti iliyonitoka, kwani sikuijua kuwa ni yangu.

Nikakumbuka barua yake ya msiba. Nilikuwa nimeilalia miezi mingi chini ya mto. Aliandika: "Watu watakuambia inatosha. Haitoshi. Lia mpaka siku utakayochoka wewe, siyo siku watakayochoka wao." Hakuna mtu mwingine aliyeniambia neno lililonishika kama lile. Nilipoinuka, nusu ya hasira ilikuwa imekwisha.

Jua lilikuwa la utosi nilipoziona nyumba. Mwanamke aliyekuwa akianika mtama juu ya mwamba alinikaribisha, nikamuuliza nyumba ya yule mwalimu anayepikia wachimbaji. Akamwambia mwenzake kitu kwa Kinyiramba, kisha akasema atanipeleka kwa mama wa huyo mwalimu. Alinipokea mfuko wangu bila kuombwa, akatangulia.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anachambua maharage. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini nilimjua kwa paji la uso. Nilipiga goti nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza mimi ni nani. Nilipomwambia, ungo ulimponyoka.

Nikamuuliza mwenzangu yuko wapi, amekwenda machimboni?

"Mwenzio hayupo, mwanangu," alisema. "Huu mwaka wa tatu."

Sikuelewa. Nilidhani amehama, ameolewa mbali. Yule mwanamke aliyenileta ndiye aliyenigeuza taratibu kwa bega, nikaona nyuma ya nyumba, kando ya ua wa minyaa, msalaba wa mti na mawe yaliyopangwa. Nilisema hapana. Nilisema haiwezekani, mwezi uliopita kaniandikia, na nikafungua mfuko nikaitoa barua, nikamnyooshea yule mama kama mtu anayeonyesha tiketi.

Aliitazama bila kuipokea. "Hiyo ni yangu," alisema.

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Alinieleza polepole, na ilibidi arudie. Binti yake aliugua homa wakati wa mvua kubwa. Walimteremsha kwa machela kutafuta gari, akafia njiani. Wiki chache baadaye mwinjilisti akaleta barua yangu kutoka kwenye sanduku la posta la kanisa. Mama alikuwa amejifunza kusoma kwenye masomo ya watu wazima, na binti yake ndiye aliyemnoa jioni kwa jioni. Aliisoma siku mbili. Alikusudia kunijibu kwamba mwenye barua amefariki, akachukua kalamu, na lile neno likamshinda kuandika. Akaandika kwamba hajambo. Akaongeza kwamba amekatika kidole kwa panga, ndiyo maana mwandiko umeharibika.

Nilikikumbuka kile kidole. Nilikuwa nimemwandikia pole.

"Kila barua yako ilipofika," alisema, "nilipata siku moja ambayo mwanangu ameitwa kwa jina lake. Hapa hawamtaji tena. Wanaogopa kuniumiza."

Ndipo aibu iliponipanda, moto hadi masikioni. Kwa miaka miwili nilimwandikia rafiki wa rika langu: nilimsema mama mkwe wangu, nilimweleza ugomvi wa chumbani na mume wangu, mambo ambayo mtu hamwambii hata dada yake mkubwa. Yote yamesomwa na mama mzima ambaye nimetoka kumpigia goti. Nadhani aliona nilivyoinama, maana alisema, bila kucheka, kwamba pale pa mume wangu alikuwa akiruka mistari.

Halafu nikamuuliza kuhusu barua ya msiba. Nilitaka aseme kwamba ile, angalau ile, kuna mtu mwingine aliyemsaidia.

"Ile sikuitunga," alisema. "Maneno yale nilikuwa nayajua."

Nililala pale siku mbili. Sijui kama nilimsamehe. Sikujua hata kama palikuwa na kosa. Mchana nilikwenda kukaa kwenye lile kaburi, nikijaribu kumlilia mtu aliyekufa zamani ambaye kwangu mimi alikufa jana, na machozi hayakuja. Kulikuwa na ubaridi tu, kama wa mtu aliyekosa ngazi gizani. Siku ya kuondoka mama alinipa furushi la barua zangu zote, zimefungwa kwa uzi wa katani, nami nikazikataa. Nilishuka kwa njia ileile, na kwenye lile jiwe sikukaa.

Sikumwandikia mwaka mzima. Kila nilipochukua karatasi sikujua nianze vipi, kwa maana mtu niliyemzoea hayupo, na mtu aliyekuwa akinijibu sikumzoea. Nilipojifungua tena, mtoto wa kike, niliandika hatimaye. Nilianza na shikamoo mama. Barua ikawa fupi, ya adabu, haina siri hata moja. Jibu lilikuja baada ya mwezi, kwa herufi zilezile kubwa zilizolala upande. Alinipongeza, akauliza mtoto ananyonya vizuri. Chini kabisa aliongeza kwamba barua yangu hii ameimaliza upesi mno, si kama zile za zamani.