Vinara vya Mama Nyaboke

Mwanangu, umeniambia unatafuta vinara vya mishumaa vya zamani vya kuweka mezani kwako, na unataka nikusaidie kuchagua. Nitakusaidia, maana macho yangu bado yanajua shaba. Lakini kaa kwanza. Ipo siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, nayo ilianzia katika duka la vitu vikuukuu mjini Kisii.

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea kwisha. Wazungu wa mashamba ya upande wa Sotik walikuwa wakiuza vyombo vyao na kurudi kwao, na mji ulijaa saa zao za ukutani, vikombe vyao vyembamba na viti vya miguu iliyopinda. Mimi na mume wangu Ombati tulikuwa tumehamia nyumba yetu mpya ya mabati kule Mosocho. Ombati alikuwa mwalimu, na alitaka mgeni akiingia ajue ameingia kwa mwalimu.

Mwenye duka, mzee wa Kiislamu mwenye sauti ya upole, alitupangia jozi kadhaa juu ya kaunta. Ombati alivutiwa na vile virefu vilivyometameta. Nilivigonga kwa kucha, vikalia kama debe. Nikachukua vingine, vifupi, vya shaba ya manjano, vyeusi kwa kukaa bila kusuguliwa. Vilikuwa vizito mkononi, vina kitako kipana, na tundu la mshumaa halikuwa limelegea. Kimoja kilikuwa na kovu shingoni, mahali kilipolehemiwa.

"Hivi vimetoka wapi?" nikauliza.

"Kwa Mzungu, mama. Ndivyo nilivyoambiwa nilipouziwa."

Neno Mzungu lilimtosha Ombati. Tukavichukua. Nilivisugua kwa majivu na ndimu mpaka vikatoa rangi ya asali, nikaviweka katikati ya meza, nikajiona nina nyumba.

Mama yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyekuja kuiona nyumba kwa niaba yake alikuwa mdogo wake, Mama Nyaboke. Huyo alikuwa ameolewa Magwagwa. Mumewe alikuwa mpishi wa Mzungu kule Sotik. Alipokufa, matanga hayajaisha, shemeji zake walisema mwanamke aliyezaa binti mmoja tu, tena binti mwenyewe ameshaolewa, hana nyumba pale. Walitoa kila kitu nje wakaenda nacho, mpaka sufuria iliyokuwa na uji. Tangu hapo alikuwa akilala jikoni kwa kaka yake kule Suneka.

Alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, akanibariki, akaketi. Nikamletea maji ya kunawa. Hakunawa. Alikuwa anaitazama meza. Alinyoosha mkono, akachukua kile kinara chenye kovu, akalipapasa kwa kidole gumba.

"Moraa," akasema, "hiki kilivunjika shingo siku Nyaboke alipobatizwa. Baba yake alikiangusha kwa furaha. Akakipeleka kwa fundi, akarudi anacheka. Mzungu wake wa kwanza alikuwa amempa vyote viwili kabla ya hapo, alipokuwa anarudi kwao."

Nikamgeukia mume wangu. "Mwalimu, ni vyake. Tumrudishie."

Ombati alinawa polepole, akapangusa mikono. "Mama, pole sana. Lakini mimi nilivinunua dukani, mchana, mbele ya watu. Aliyekuchukulia si mimi. Nikianza kugawa vitu vya nyumba yangu kwa kila anayevililia, nitabaki na nini?"

"Sijalia, mwanangu," Mama Nyaboke akajibu. "Wala sijaomba."

Alikirudisha mezani, akakisogeza kikakaa sawa na mwenzake. Kisha akainuka, akaondoka bila kula. Nilimfuata mpaka barabarani nikimwita. Hakugeuka.

Kesho yake asubuhi, Ombati alipokwenda shuleni, nilivifunga vinara katika leso nikaenda Suneka kwa miguu. Nilimkuta jikoni kwa kaka yake, anapukuchua maharagwe. Mkeka wake ulikuwa umekunjwa kando ya mafiga, umekuwa mweusi kwa moshi. Nikaiweka leso mbele yake. Aliifungua, akavitazama, akaifunga tena.

"Nitaviweka wapi?" akaniuliza. "Mke wa kaka yangu ataniuliza mtu aliyeazimwa jiko ana kazi gani na vyombo vya sebuleni. Rudi navyo, Moraa. Mimi nilinyang'anywa meza. Nilinyang'anywa mlango wa kufunga."

Nikaanza kulia. Akanikemea, na makemeo yake yananiuma hadi leo.

"Usinililie. Mumeo alikataa mara moja, ukanyamaza. Utazaa wavulana. Basi hao usiwanyamazie. Wafundishe mapema, kabla hawajawa shemeji wa mtu."

Niliporudi nilimkuta Ombati mlangoni. Akaiona leso. "Umerudi navyo? Vizuri." Akavipanga mezani mwenyewe, akaomba chakula.

Miaka mingi wageni walivisifu, naye akawaambia ni vya Mzungu. Mimi nilivisugua. Watu hudhani chuki huja kwa kishindo, mwanangu. Yangu ilikuja kidogo kidogo, kila nilipoweka ndimu kwenye shaba ile. Nilimpikia, nikamzalia wana, nikamzika. Sikumpenda tena.

Mama Nyaboke alifia katika jiko lile, miaka ya sabini. Na unajua nani walikuja kuuchukua mwili? Wale shemeji wa Magwagwa. Walivaa makoti, wakasema mila ni mila, mke huzikwa kwa mumewe. Walimnyima mahali pa kulala, wakampa kaburi, na watu wakawashukuru. Mimi nilikuwepo, na sikuwapa mkono.

Basi sikia. Ukienda kuchagua vinara, vinyanyue upime uzito, vigonge usikie sauti, tia mshumaa uone kama unasimama wima. Weusi usikutishe, hutoka. Ukimaliza hayo, uliza vimetoka nyumba gani, na ni nani aliyevitoa. Ukijibiwa kwa kubabaika, viache. Na ukishanunua, kisha akatokea mwenye kuvijua, mrudishie hapo hapo, kabla hajawa na haja ya kuomba. La mwisho ndilo kubwa: ndugu yako akifariki, usiingie kwa mjane wake mikono mitupu ukatoka umebeba.

Mungu akupe nyumba, mwanangu. Akupe na mwenzi ambaye hutaona haya kuketi naye. Na mwanga utakaouwasha kwako usiwe umemwacha mtu yeyote gizani.