Mvua ya Kuogesha Paa

Chai ukiipika kwa maji ya kisima cha mtaani kwetu inakuwa nyeusi. Weusi wake si wa majani mengi, ni weusi wa wino, na juu yake unatanda utando unaong'aa kama mafuta. Maji yenyewe yanatoka kwenye pampu safi kabisa. Ukiyaacha kwenye ndoo nusu saa, yanageuka rangi ya kutu, na mchele ukilowekwa humo unatoka na umanjano. Ndiyo maana mama yangu, ambaye ameuza chai na vitumbua mlangoni pake Kibaoni tangu mimi sijaanza shule, hapikii biashara maji mengine ila ya mvua. Watu walikuwa wanakuja hata kutoka stesheni kufuata vitumbua vyake, wakimsifu kwa mkono wake mwepesi. Mkono alikuwa nao, lakini weupe ule ulitoka kwenye paa.

Kaka yangu alinipigia simu mwezi wa kumi na moja. Mimi nilikuwa Makambako, napika kwenye kambi ya watengeneza barabara. Hiyo ndiyo kazi iliyonizungusha nchi hii tangu nimalize kidato cha nne: kambi ikihama, sufuria zinahama, nami nahama. Kaka hakuniuliza hata hali.

"Tanki la mama limekauka tangu mwezi wa nane," alisema. "Gata zimepasuka zote. Anaomba maji ya mvua kwa majirani kwa kopo, na goti lake unalijua. Jumamosi ijayo nakuja na pikapu. Nikikuta tanki kavu namchukua, aje akae kwangu Mang'ula."

"Mwenyewe amekubali?"

"Amesema tukipata maji anabaki. Basi tukiyakosa, hana sababu nyingine ya kubaki."

Nikampigia mama. Alicheka kidogo, kisha akasema, "Kwa kaka yako ni kuzuri. Nitakaa kwenye kiti, nitapikiwa, nitakuwa mgeni mpaka nife." Nilielewa kwamba hakuwa anatania. Niliomba ruhusa ya wiki moja. Msimamizi wa kambi akanipa mpaka Ijumaa, tena kwa kunung'unika.

Gata zile, mifereji ya kukinga maji ya paa, nilizifungisha mimi. Miaka minne nyuma nilipita nyumbani katikati ya safari mbili, nikiwa na siku moja tu mkononi, nikanunua gata za plastiki nyeupe na tanki jeusi, nikamwita fundi kijana. Alitaka aje kesho yake asubuhi. Nikamwambia leo hii, basi langu linaondoka alfajiri. Tukafunga saa saba mchana, bati likilia tak, tak kwa joto, gundi ikikauka kabla hatujaipangusa. Zilipokwisha zilinyooka kama rula. Nikapiga picha. Picha ile nilitembea nayo kwenye simu miaka yote minne, nikiwaonyesha watu makambini. Hapa ni kwa mama, nawaambia. Nilijisikia kama mtu aliyemaliza kazi ya maisha.

Sasa nilisimama uani nikiziangalia. Zilikuwa zimelegea kati ya kishikio na kishikio kama kamba ya nguo zenye maji. Kila kiungo kilikuwa na ufa. Nilipopanda kwenye kiti na kupitisha mkono, ukarudi na unga mweupe kama chaki. Nikabonyeza ukingo, kipande kikavunjika kama ganda la yai.

"Usizimalize," mama alisema kutoka jikoni. "Kuna mbili tatu bado zinajitahidi."

Fundi niliyempata safari hii alikuwa mtu mzima, Msukuma. Baba yake aliingia Michenga na ng'ombe, yeye akaacha fimbo akashika nyundo. Sasa anatengeneza bati na gata pale mjini. Alimwita mama yangu mayu, kama wanavyowaita mama zao kwao.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Ng'ombe wenu wameshiba mpunga wa watu?"

"Wameshiba, mayu. Sasa wanaulizia vitumbua."

Mama alicheka mpaka akashika goti. Fundi akatazama juu, akazunguka nyumba mara moja, mikono nyuma. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Hizi mlizifunga saa ngapi?"

"Miaka minne iliyopita."

"Mwaka utanisaidia nini, dada? Nimeuliza saa."

Nikamwambia saa saba mchana. Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyesikia alichokitegemea. Akaokota kipande kilichovunjika, akanionyesha. Plastiki, alisema, ikishiba jua inarefuka. Sisi tukaifunga ikiwa imeshiba, tukaibana kwa gundi huku na huku. Usiku ukija na ubaridi inataka kurudi ilivyokuwa, haina pa kurudia, basi inavuta viungo vyake yenyewe. Imevuta kila usiku, miaka minne. Na mchana jua linaikausha, inakosa hata nguvu ya kuvumilia.

"Ni kama ng'ombe," alimalizia. "Ukimfunga kamba fupi, asubuhi moja utamkuta amejinyonga. Mfunge, lakini mwachie kamba ya kulia majani."

"Basi huyu nilimwachia ndefu," mama akadakia, akininyooshea mwiko. "Amekula majani mpaka Tunduma."

Walicheka wote wawili. Nami nikacheka, ila nilichelewa kidogo.

Fundi alikubali kazi kwa sharti lake: asubuhi tu. Jua likipanda anaweka nyundo chini, hata kama kimebaki kishikio kimoja. Gata mpya za upande wa mbele alizilaza kwenye kivuli cha jiko tangu Jumanne, zipoe kwanza. Za nyuma, zinazokaa kwenye kivuli cha mwarobaini, hazikuwa zimekufa. Alikata ncha zilizopasuka, akazifuta, akaziba nyufa ndogo kwa vipande vya mpira wa tairi alivyovichonga kwa kisu. Kwenye kila kiungo alitia raba badala ya gundi, akaacha nafasi ya upana wa kidole. Nilimshikia ngazi nikihesabu siku. Jumanne, Jumatano. Kwa mwendo ule Ijumaa ingenikuta bado nimeshika ngazi.

Nikiwa pale chini nilimkumbuka baba. Sisi hatukuwa na plastiki. Kila mwaka, udongo ukishaanza kupasuka na milima ikawa karibu kupotea kwa moshi wa mashamba, baba alipanda baiskeli akaenda upande wa milimani kutafuta mianzi. Alirudi jioni akiikokota, akaipasua katikati, akakwangua vifundo vya ndani kwa panga, akaifunga chini ya bati kwa kamba. Maji yakapita humo mpaka kwenye pipa. Mwaka uliofuata jua lilikuwa limeshaipasua, na sisi watoto tukaipeleka jikoni. Mwanzi wa mwaka jana ni kuni, baba alikuwa anasema. Hakuna aliyeuliza kwa nini umepasuka. Hakuna aliyedhani ungedumu. Nilikua nikidhani tulifanya vile kwa sababu ya umaskini tu.

Alhamisi nilifanya kosa lile lile. Upande wa mbele ulikuwa tayari kwa kufungwa, na fundi alitaka kung'oa vishikio vyote vya zamani, avute uzi, aanze upya. Ilikuwa kazi ya asubuhi nyingine nzima. Nikamwambia aviache, vina nguvu bado, tufunge gata juu yake leo tumalize.

"Sawa, dada. Bosi ni wewe."

Alifunga. Nilichota ndoo ya maji ya kisima, akapanda nayo, akayamwaga mwanzoni mwa gata. Mimi na mama tulisimama kwenye kona lilipo bomba la kushushia, tukingoja yatokee. Hayakutokea. Alipotazama ndani alikuta yamesimama katikati, yametulia kama bwawa. Fishabodi yenyewe, ule ubao wa ukingoni mwa paa, ilikuwa imepinda kwa jua, na vishikio vya zamani vilikuwa vimepinda nayo. Aliteremka, akaosha mikono, akaangalia jua.

"Kesho alfajiri naweza kuja," alisema. "Mtu wa kunishikia uzi upande wa pili yupo?"

Mama alikuwa anapeta mchele kwenye ungo. Hakuinua uso. "Nenda tu, mwanangu," alisema. "Kazi haingoji. Nitamshikia mimi."

Hivyo ndivyo alivyoniambia kila nilipoondoka, maneno yale yale, na kila mara niliyachukua kama ruhusa. Niliangalia goti lake lililofungwa kitenge. Nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga simu kambini. Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mpishi hakosekani, akakata.

Ijumaa alfajiri nilishika uzi. Upande wangu ulikuwa wa chini, kwenye kona ya bomba.

Jumamosi kaka alifika na pikapu na kamba mbili mpya za kufungia kitanda. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amebeba sukari na dawa ya goti. Alizitazama gata mpya, akasema ni nzuri. Kisha akaligonga tanki kwa vifundo vya vidole.

"Linalia kama ngoma, mama."

"Kaa kwanza unywe chai."

Alimpa chai ya maji ya kisima. Kaka akaichungulia. "Hii ndiyo wateja wanakunywa?"

"Wateja gani? Wamehamia kwa mwenzangu wa njia panda."

Kaka akaweka kikombe chini. Alianza kusema taratibu kuhusu chumba alichokwisha kupaka rangi, dirisha linaloangalia milima, wajukuu. Mama alikuwa anaitikia tu, ee, ee. Mimi nilikuwa natazama upande huo huo wa milima, ambako wingu lilikuwa limeshuka mpaka shingoni mwa msitu. Upepo ukaja na vumbi. Kuku wakakimbilia barazani. Halafu matone, makubwa, machache, na harufu ile ambayo nimeikosa katika kila mji niliolala.

Mvua ikamwagika. Maji yalikimbia ndani ya gata, nikayasikia yakipiga kona, nikakimbia kulisukuma bomba liingie mdomoni mwa tanki.

"Litoe!" mama alipiga kelele.

"Mama?"

"Litoe hilo bomba! Mvua ya kwanza ni ya kuogesha paa. Miezi sita ya vumbi na kunguru, nilowekee mchele wa watu humo?"

Nilijua. Baba alikuwa analipindua pipa, lisikinge mvua ya kwanza. Lakini mawingu yale yangeweza kuwa ndiyo pekee kwa wiki mbili, na pikapu ilikuwa uani.

"Mama, kaka anaangalia."

"Na aangalie."

Nikaligeuza. Maji ya kahawia, yenye majani na vinyesi vya ndege, yakamwagika uani, yakapita chini ya pikapu, yakaenda zake barabarani. Nilitamani kuyafuata. Mama alichukua bakuli lake jeupe la bati, lile lenye ua jekundu lililochorwa chini kwa ndani, akalikinga kwenye bomba. Akalichungulia, akamwaga. Akakinga tena, akamwaga. Mvua ikaanza kupungua. Ikawa manyunyu. Kaka akasimama mlangoni, na mimi sikuthubutu kumtazama.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Kisha bati likaanza kunguruma upya, kwa nguvu kuliko mwanzo. Mama akakinga bakuli mara ya tatu. Nilisogea nikachungulia begani kwake. Ua lilionekana lote, mpaka vijani vyake.

"Sasa," alisema.

Kabla sijafika, kaka alikuwa ameshalishika bomba, shati limemgandia mgongoni, analisukuma mdomoni mwa tanki. Maji yakaanguka ndani kwa kishindo. Polepole kishindo kikabadilika, kikawa kizito. Mvua ilipokatika, kaka akaligonga tanki kuanzia chini akipanda, akisikiliza. Sauti iligeuka usawa wa kitovu chake; maji yalikuwa yamefika hapo.

Aligonga tena, kuhakikisha. Halafu akaenda kwenye pikapu akachukua zile kamba mbili, akawa anazizungusha mkononi.

"Nirudi nazo?"

"Niachie moja," mama alisema. "Ya kuanikia nguo."

Jumatatu vitumbua vilitoka vyeupe. Wateja hawakurudi wote siku hiyo, walirudi wanne. Kiungo kimoja juu ya mlango wa jiko kilikuwa kinadondosha, mama akakitegeshea sufuria, akanikataza kumwita fundi. Utakitengeneza mwakani, alisema, jua la huku halina likizo.

Nilipata kambi nyingine, upande wa Songea. Kila mwaka mwezi wa kumi naomba siku kumi, nakwenda nyumbani, naamka alfajiri kabla bati halijashika joto. Napitisha mkono kwenye kila kiungo, nabadilisha raba iliyokauka. Msimamizi wa sasa ni mtu wa maswali. Safari hii aliniuliza ni gata gani hizo zinazoharibika kila mwaka.

"Hazijaharibika," nikamwambia. "Naenda kuziangalia."