Saa Iliyomkataa Mwadhini

Ilikuwa mwaka wa arobaini na sita. La, nimekosea, ni arobaini na saba, maana msikiti wetu mdogo wa Temeke ulikuwa umekwisha ezekwa makuti mapya. Mwadhini alikuwa Mwishehe, mtu mwembamba, ila akipaza sauti hata kuku hunyamaza. Kwa kuwa siku za mawingu jua lilikuwa likimdanganya, waumini wakamnunulia saa ya mkono.

Akaivaa kwa fahari. Akiwa kwa muuza kahawa hunyoosha mkono wa kushoto, hata kikombe kikiwa upande wa kulia.

Ikaja Ramadhani, na siku moja ya wingu zito. Mwishehe akakaa mlangoni kuitazama saa. Kumi na mbili kamili. Akangoja. Akatazama tena. Kumi na mbili kamili. Alipokuja kushtuka, popo wameshatoka.

"Mwishehe!" alifoka Mzee Marijani, msimamizi wa msikiti, tende ingali mkononi. "Wenzetu wa Mtoni wanapangusa midomo, sie unatufungisha na usiku?"

Fundi saa akaifungua, akaipuliza, ikaenda. Ilipovaliwa na Mwishehe ikalala.

"Saa nzima hii," fundi akasema. "Labda mbovu ni wewe."

Watu wakawa na lao. Wengine walisema ni maji ya udhu, ilhali Mwishehe akitawadha huivua akaitia ndani ya kofia. Wengine wakasema ana damu nzito. Hayo aliyacheka. Lililomnyima usingizi ni neno la Mzee Marijani: ikisimama tena, ataadhini mwingine. Na Mwishehe tangu ujana wake hakuwa na jambo alilolipenda kuliko kuadhini.

Asubuhi moja mkewe, Hamisa, akaivaa kwa mzaha huku akipepeta mchele. Ikaenda. Akapika, akafua, akatwanga, hadi jioni saa inakwenda tu. Kesho yake vilevile.

Basi wakapatana. Nyumba yao ilipakana na msikiti. Wakati ukiingia, Hamisa anagonga kinu kitupu kwa mchi, na Mwishehe anaadhini.

Mzee Marijani aliposikia aling'aka. "Tangu lini wakati wa msikiti ukawekwa jikoni?"

"Na futari yako, mzee wangu, huwekwa wapi?" Hamisa akamjibu.

Watu wakaangua kicheko. Marijani naye akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu, na habari ya kutafuta mwadhini mwingine haikusikika tena.

Wakaishi hivyo miaka. Alasiri wakikaa barazani, Mwishehe humshika mkewe mkono ule wenye saa, akamwuliza neno lilelile. Hamisa huitazama saa, akasema, "Wakati umeingia, baba, nenda," akainuka kuufuata mchi.

Wote wawili sasa wametangulia mbele ya haki. Neno lile nimewauliza mafundi saa wa Kariakoo, nimewauliza na wazee wa Mtoni, wote hucheka tu:

"Hamisa, saa hii inanichukia mie, au inakupenda wewe?"