Hesabu ya Sauti Mbili

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Sista Hesabu, mwenyewe alijua, wala hakununa. Mtu aliyekaa miaka ishirini na sita katika chumba cha upasuaji atanunia nini? Ni kweli alihesabu kila kitu. Akianika nguo, alihesabu vibanio kabla na baada. Akimaliza kupika, alipanga vyombo juu ya meza ya jikoni na kuvitaja kwa sauti: kisu kikubwa kimoja, kisu kidogo kimoja, mwiko mmoja, vijiko sita. Jirani aliyekuja kuazima chumvi alirudi kwake akisema kwamba kwa Sista hata chumvi hutolewa kwa idadi ya punje.

Wacheke tu. Hawakujua kule kazini mambo yalivyo. Kule mgonjwa hafungwi tumbo mpaka kila mkasi, kila sindano na kila kipande cha shashi ya kufutia damu kihesabiwe na watu wawili. Mmoja anataja, wa pili anatazama kwa macho yake mwenyewe na kujibu. Sauti moja si hesabu. Mumewe alipokuwa hai, yeye ndiye alikuwa sauti ya pili ya jikoni. Alikaa mlangoni na gazeti lake akajibu bila kuinua macho, "Sita, daktari, mgonjwa afungwe," na Sista akimkemea kwamba hajatazama, anainuka kweli anakuja kutazama. Tangu afariki, Sista alihesabu peke yake na kujijibu kimoyomoyo.

Jumapili hiyo kulikuwa na ugeni, tena si ugeni wa kubisha hodi na kuondoka. Binti yake wa pekee, fundi cherehani aliyegeuza chumba cha mbele kuwa chumba cha kushonea, alikuwa amepata mchumba, na wazazi wa kijana walikuwa wanakuja kula chakula cha mchana kwa mara ya kwanza. Baba wa kijana alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Kwa maneno ya mwanawe mwenyewe, nyumbani kwao hata kuku walipanga mstari. Binti alikuwa hajalala vizuri siku ya tatu.

"Mama, nakuomba kitu kimoja tu," alisema asubuhi. "Leo usihesabu. Watatuona vituko."

"Sitahesabu mbele yao."

"Usihesabu kabisa, mama."

Sista akaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa si kuahidi.

Kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na raha, alichagua kitindamlo ambacho hakijawahi kumwangusha, cha matofaa ya kuokwa. Alifundishwa na mpishi wa hospitali, mwanamume mnene aliyesema kwamba mtu akiharibu hiki basi aandikiwe dawa. Unamenya matofaa manane, unayakata robo robo, unachokoa kokwa kwa ncha ya kisu, unayatupa kwenye bakuli la kuokea pamoja na sukari kidogo, maji ya limau na mdalasini. Kisha unga, siagi ya baridi na sukari unavifikicha kwa vidole mpaka viwe chengachenga, unamwagia juu, unaingiza ndani ya oveni. Dakika arobaini. Juu kunakuwa rangi ya dhahabu, pembeni rojo linachemka, na harufu inajaa nyumba nzima.

Tofaa la sita lilikuwa gumu. Kisu kidogo, chembamba kwa kunolewa miaka mingi, kilikwama kwenye kokwa. Akakipinda. Kikalia tak. Sista akadhani ni kikonyo, na papo hapo binti akaita kutoka sebuleni, "Mama, nitandike kitambaa kipi, cheupe au chenye maua?" Akageuka kujibu. Aliporudisha macho, mikono ilikuwa tayari kwenye tofaa la saba.

Wageni walifika saa saba kamili, si dakika mbele wala nyuma. Mwalimu alikuwa mrefu, mkavu, suruali imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Mkewe alikuwa mfupi, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Mwalimu akikaa, na hiyo ndiyo sentensi yake ndefu kuliko zote mpaka chakula kilipokwisha. Alikula, akafuta midomo, akakunja kitambaa cha mkono mara nne. Binti alipomtazama mama yake, uso wake ulikuwa umeanza kufunguka. Mambo yalikuwa yanaenda.

Binti akaingia jikoni, akatoa kitindamlo na kukigawa kwenye vibakuli, vya wageni kwanza, cha mchumba wake, cha mama, chake mwisho. Kila mmoja akawekewa mbele yake. Sista akaenda kuchukua maziwa mazito ya kumiminia juu.

Maziwa yalikuwa kwenye friji. Vyombo vilikuwa kwenye meza, njiani. Hakukusudia kuhesabu. Ulimi ulianza wenyewe, kwa kunong'ona. Kisu kikubwa kimoja. Mwiko mmoja. Kisu kidogo...

Alikiinua. Ncha haikuwapo.

Mahali palipokuwa na ncha palikuwa pamekatika mshazari, pana mng'ao mpya wa chuma. Kipande kilichokosekana kilikuwa kama punje ya mchele, punje iliyochongoka pande mbili. Alitazama juu ya kibao cha kukatia. Hakuna. Akapitisha kiganja mezani, akapiga magoti sakafuni, akafunua ndoo ya maganda na kuchakura mpaka kwenye viwiko. Hakuna, hakuna. Alijua chuma kama kile kinafanya nini ndani ya mtu. Wengine walikuwa wamesoma habari hizo kitabuni. Yeye alikuwa ameshika taa madaktari wakikitoa.

Kupitia mlango ulio wazi alimwona Mwalimu anainua kijiko na kukitia mdomoni.

Piga kelele, basi! Ungesema hivyo, nami ningesema hivyo. Lakini Sista alifika mlangoni akasimama. Alimwona binti yake amekaa wima, anatabasamu, siku tatu za kukosa usingizi zikimlipa. Akiingia sasa na kusema chakula kina chuma, nani atamtaka mtoto wa nyumba hiyo? Na labda hakimo. Labda ncha ilikatika wiki iliyopita na hakuona. Mwalimu akainua kijiko cha pili.

Labda. Neno hilo alikuwa analijua. Alilisema mwaka wake wa pili kazini, upasuaji wa tatu usiku mmoja, mgonjwa ni mama aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Sista mkuu wa zamu alikuwa mkali, hata madaktari walimwamkia mara mbili. "Shashi kumi," akataja mkuu. Macho ya Sista yalikuwa yameona tisa. Labda nimeona vibaya, alijiambia, na mdomo wake ukajibu, "Kumi." Mgonjwa akafungwa. Siku ya kumi na mbili walimrudisha akiungua homa, tumbo limevimba, na walipomfungua shashi ya kumi ilikuwa humo. Mama yule alipona. Kizazi chake kilitolewa, na hakuzaa tena. Sista alipewa barua ya onyo, ambayo mpaka leo iko chini ya nguo zake kabatini, na hakuna siku aliyowahi kuona kwamba barua ilitosha.

Kijiko cha tatu.

"Simameni!" Sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya kazini. "Msile! Hesabu haijatimia!"

Wote waliganda. Binti alikuwa ameshajaza kijiko chake, kimefika nusu ya njia. "Mama," alisema polepole, kama anayemsihi mtu asiruke kutoka ghorofani. "Mama, tulikubaliana."

"Weka kijiko chini, mwanangu. Kisu changu kimekatika ncha. Sijaipata. Huenda imo humu."

Binti akaweka kijiko, kimejaa vilevile, ndani ya bakuli. Macho yakamjaa machozi, na hayakuwa machozi ya huruma. "Leo," alisema. "Siku zote hizo, mama, uje kutafuta leo!"

Sista alikuwa bado ameshika kisu. Mwalimu akakitazama kile kisu, akatazama bakuli lake, na kwa mara ya kwanza tangu afike alionekana mzee.

"Mimi nimekula vijiko viwili," alisema.

"Vitatu," mkewe akamsahihisha. "Nakuhesabia kwa ajili ya sukari yako."

"Umehisi kitu chochote kooni, mzee wangu?" aliuliza Sista. "Kuchomwa? Kukwaruzwa?"

Mwalimu akajishika shingo. "Sasa hivi nahisi kila kitu."

Wakaanza kutafuta. Wazia meza ya heshima, kitambaa cheupe, na watu wazima wanne wameinama wanapondaponda matofaa kwa uma kama kuku wanaochakura. Kumbe unga uliofikichwa ni mbaya kwa kazi hiyo, maana kila chenga ngumu inakushtua. Mara mbili kijana alisema, "Hii hapa!" na mara mbili ikawa kipande cha sukari iliyoganda. Bakuli kubwa, hakuna. Sista alikuwa anasema, "Tena, rudieni tena." Vijiko vitatu. Kama haimo kwenye mabakuli, basi imo ndani ya mtu. Alikuwa anahesabu saa: hospitali iko umbali gani, nani yuko zamu Jumapili, mzee ana sukari na kidonda chake hakitapona upesi. Na yeye alisimama mlangoni akatazama vijiko viwili vizima vinapita.

Hakuona binti yake alipoondoka. Alipoinua macho kiti kilikuwa kitupu, mlango wa chumba cha mbele umefungwa. Amekwenda kulia, Sista aliwaza, na ana haki.

Mlango ukafunguka. Binti hakuwa analia. Alikuwa ameshika sumaku yake, ile kubwa ya kuokotea pini sakafuni baada ya kushona, na anaiviringishia mfuko mwembamba wa nailoni. Hakumtazama mtu. Akaizamisha kwenye bakuli kubwa na kuizungusha taratibu, kona hadi kona. Akaitoa. Tupu. Akaenda kwenye bakuli la Mwalimu, na hapo hakuna aliyepumua. Tupu. La mama wa kijana. La kijana. La Sista. Tupu, tupu, tupu.

Wote wakamtazama Mwalimu. Mkewe akamshika mkono juu ya meza, mbele za watu, jambo ambalo nadhani hawakulifanya tangu siku ya ndoa. Sista akasema, "Nileteeni viatu vyangu. Twende hospitali."

"Bado moja," kijana alimwambia mchumba wake kwa sauti ndogo. "La kwako."

Bakuli la binti lilikuwa limesukumwa pembeni, halijaguswa na uma wa mtu, kijiko kimejaa kama alivyokiweka. Alishusha sumaku juu ya kijiko kile.

Tik.

Sista alikaa chini pale pale sakafuni. Alilia kwa sauti, bila kuficha uso, alilia kwa ajili ya kijiko kile na kwa ajili ya yule mama wa shashi ya kumi, ambaye sura yake hata hakuikumbuka tena. Mama wa kijana akapiga magoti kando yake na kumpangusa chenga za unga shavuni. "Basi, mama mwenzangu," alisema. "Basi. Heri lawama kuliko maafa."

Mwalimu akavuta pumzi ndefu. "Nilipoingia nilisema mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Leo kapona mgeni." Akasogeza bakuli lake mbali, kisha akaliangalia kwa majuto ya kweli. "Na kilikuwa kitamu."

Binti alikuwa bado amesimama na sumaku mkononi, anatazama kile kipande. Aliibandua ncha, akampa mchumba wake sumaku na mfuko, akainama akachukua kisu kutoka mkononi mwa mama yake, akapachika ncha mahali pake. Ikakaa sawasawa, bila pengo. Akainua kisu hivyo, ameshikilia kwa vidole viwili, ili mama yake aone.

Sista akafuta macho. "Kisu kidogo," alitaja, "kimoja."

Akasubiri. Tangu mumewe afariki hakuwahi kusubiri.

Binti akakigeuza kisu upande mmoja, akakigeuza upande wa pili, akakitazama vizuri kwa macho yake mwenyewe.

"Kimoja, mama," alijibu. "Na ncha yake. Imetimia."