Filamu Bubu, Mkwe Mwenye Kelele

Jumamosi nilimpeleka mama mkwe wangu, Mkongo wa Bukavu asiyejua Kiingereza, kutazama filamu bubu ya Kimarekani katika ukumbi mmoja wa Moseley, mtaa wa jirani hapa ughaibuni. Ilitokana na riwaya niliyoisoma shuleni, kwa hiyo nilijiteua mkalimani. Kwenye basi nilimwonya kwamba inahuzunisha, asije akatuaibisha mbele ya Wazungu.

Kila maandishi yalipotokea kwenye skrini alininong'oneza, "Mukwe, banasema nini?" nami nilimtafsiria kwa madaha. Kisha mama wa kwenye filamu akamwacha mwanawe mlangoni kwa matajiri. Maandishi yakaja.

"Banasema nini?"

Sikuweza kusoma, machozi yalikuwa yamenijaa. Kwikwi ikanitoka kwa sauti hadi mpiga piano aliyeisindikiza filamu pale mbele akageuka. Mama mkwe, macho makavu kabisa, akanipa pembe ya kitenge chake.

"Pangusa, mutoto wangu."

Miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kuniita mtoto wake. Nikazidi kulia.

Nyumbani mke wangu aliuliza filamu ilikuwaje. Nilikuwa bado natafuta uongo wa heshima, ndugu msomaji, mama yake alipojibu: "Filme ilikuwa bubu. Makelele yote ni ya huyu."